Nilivyofuata nyayo za shujaa wetu hadi Masaka, Kigali, nikiwa na Kalisti

Wakuu, habari za jioni.

Hii si stori ya kutunga. Nilikuwepo mwenyewe, na marehemu siwezi kuwasingizia.

Mwaka 1992 nilikuwa Kigali, fundi wa malori kwenye gereji moja ya Watanzania. Nilipanga chumba mtaa wa Gitega kwa Kalisti na mkewe Konsolata. Kalisti aliuza sabuni na chumvi. Mtu mpole, Kiswahili alikiokota kwa madereva wetu.

Sasa, kwetu Kagera kuna shujaa mmoja wa enzi za kudai uhuru. Jina nalihifadhi, wajukuu wake wapo. Babu alikuwa akitusimulia jinsi alivyovuka mpaka kuwakimbia polisi wa mkoloni, akajificha Kigali.

Hadithi ya babu iliishia hapo. Alijificha wapi? Kwa nani? Hakuna aliyejua.

Nikawa naulizia kila Jumapili. Wazee Waswahili wa mtaa wa Biryogo ndio walionipa fununu: aliugua, akapelekwa Masaka kwa mkulima mmoja wa migomba.

Kalisti akasema, "Tutaenda wote. Peke yako utapotea, na watu ya siku hizi wanaogopa mgeni."

Kwa wasiojua: vita ilikuwa kaskazini, na kila Mnyarwanda alitembea na kitambulisho kilichoandikwa kabila lake. Cha Kalisti kiliandikwa Mtutsi.

Tukatoka asubuhi kwa miguu. Tulipopita Kicukiro tukakuta bariyeri, kizuizi cha wanajeshi barabarani. Pasipoti yangu waliitupia jicho, wakanirudishia. Kitambulisho cha Kalisti mmoja wao akakitia mfukoni, akamwamuru akae chini kwenye tope.

Mimi nikaambiwa, "Wewe Mtanzania, enda."

Kalisti naye, bila kuinua uso: "Enda, bwana. Wewe hauna shida."

Wakuu, sikuwaza ushujaa hata kidogo. Miguu ilikataa tu. Nikakaa topeni ubavuni pake. Askari akacheka, kisha akakasirika, akanipiga teke la bega. Nikabaki.

Mchana akaja ofisa kwa gari la jeshi. Akauliza huyu mgeni anafanya nini hapa.

"Namngoja mwenye nyumba wangu," nikamjibu.

Akanitazama weee! Akasema kitu kwa Kinyarwanda, Kalisti akarudishiwa kitambulisho.

Nikajua tunarudi nyumbani. Kalisti akapangusa suruali, akaendelea mbele.

Nyumba tukaipata. Mkulima alishafariki, yupo binti yake, mama wa makamo, Mhutu. Akatukaribisha uji wa mtama, Kalisti akawa anatafsiri:

"Anasema anamkumbuka. Alikoholaga sana. Na alikuwa nalia juu ya mama yake."

Shujaa wetu, analia! Shuleni hatukufundishwa hilo.

Yule mama akasema baba yake hakumuuliza hata jina mpaka alipopona.

Toka siku ile akazoeana na kina Kalisti. Konsolata akawa anakwenda kwake kununua ndizi. Mkataba wangu ulipoisha 1993, nikarudi Bukoba.

1994 mnaijua.

Mwisho wa mwaka ule niliingia tena Kigali na lori. Gitega, nyumba haikuwa na paa. Nikaulizia mpaka nikamkuta Konsolata soko la Kicukiro, amekonda, mtoto mgongoni.

"Kalisti alitupeleka Masaka," akaniambia. "Ule mama akatuficha, mimi na mtoto. Walikuja kuuliza, akasema hapa hakuna mtu."

"Na Kalisti?"

"Alirudi kuchukua mama yake. Hawakufika."

Tukasimama tu katikati ya watu wanaonunua viazi.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilikwenda Masaka kutafuta habari za mtu mkubwa, nikaonyeshwa watu waliomfungulia mlango. Hao hawana barabara wala shule yenye majina yao.

Kama kuna mzazi wako aliyefichwa, au aliyemficha mtu, ugenini au hapa nyumbani, andika hapo chini. Mtaje kwa jina kama ndugu zake wameridhia.

Mimi Kalisti nimemtaja kwa ruhusa ya Konsolata.