Shemeji Aliyenusa Vizibo

Mimi sinywi mvinyo, lakini naujua kuliko wanaounywa, kwa sababu kwangu unafika ukiwa umeshamwagika. Mimi ni dobi wa hoteli, mwaka wa kumi na nne huu. Chumba changu kiko chini ya jiko: mashine nne, pasi mbili za mvuke, na dirisha moja linalotazama magurudumu ya magari. Nipe kitambaa cha meza nikuambie mgeni alikunywa nini. Mwekundu mzito wa Ajentina huacha doa la zambarau lisilosikia chumvi wala siki. Mweupe mtamu wa Kijerumani hujifanya haupo, mpaka upige pasi ndipo ujitokeze na rangi ya chai. Ule wa Ureno wa kumalizia chakula hunata kama gundi, na anayeumwaga ningependa siku moja aje aufue mwenyewe.

Majina ya nchi hizo nilifundishwa na shemeji, mume wa dada yangu, ambaye ndiye anayefungua chupa kwenye ukumbi wa chakula huko juu. Hotelini wanamwita Profesa, maana ukimuuliza saa ngapi atakueleza kwanza saa ilivyotengenezwa. Hajawahi kupanda ndege, ila nchi za watu anazisema kama majirani zake. Ufaransa ni mgeni wa heshima, usimkaribishe kabla hujafagia. Italia hakai bila chakula. Uhispania anacheka kwa sauti na huondoka wa mwisho. Afrika Kusini hana makuu, anaingia kwa mlango wa jikoni. Akifika New Zealand na Australia anakunja uso. Ugomvi wake na hao haukuwa mvinyo, ulikuwa chupa. Nyingi hazina kizibo, zina kifuniko cha bati cha kuzungusha. Ukizungusha mara moja, kazi imekwisha.

"Huu ni mvinyo au dawa ya kikohozi?" alikuwa akiuliza.

Kizibo ndicho kilichokuwa maisha yake. Angemwonyesha mgeni lebo, akakata karatasi ya shingoni, akachomeka kizibuo na kukivuta kizibo taratibu kisipige kelele. Kisha angekibonyeza kwa vidole, akakitazama, akakipeleka puani na kufumba macho. Meza nzima ingenyamaza. Mgeni akionja tone la kwanza na kuitikia kwa kichwa, shemeji, kizibo bado mkononi, naye angeitikia, ndipo amimine. Miaka ishirini na miwili alifanya hivyo, na mimi niliyemzoea bado nilikuwa nikipanda juu kuchukua vitambaa nasimama kidogo kumtazama. Alikuwa na maringo, lakini maringo yenyewe yalimkaa.

Halafu akaja meneja mpya, mwanamke mfupi anayetembea upesi. Mwezi wake wa pili, wageni watatu walirudisha chupa ndani ya wiki moja wakisema mvinyo unanuka uvundo, na zote tatu Profesa alikuwa amenusa kizibo na kuridhika. Meneja hakumlaumu. Alilaumu vizibo, kwamba vingine vina ukungu ndani na huharibu chupa nzima, na akasema kuanzia sasa hoteli itanunua za kuzungusha tu. Shemeji angenyamaza hapo yangekwisha. Lakini Profesa na kunyamaza ni mbingu na ardhi.

"Mvinyo wa kizibo una roho, bosi," akamwambia mbele ya jiko zima. "Hata ukinifunga macho nitautambua."

"Vizuri," akasema meneja. "Jumatatu saa nne asubuhi. Chupa sita. Ukitambua, vizibo vinabaki. Ukishindwa vinaondoka, na wewe utahamia stoo, kwa sababu kifuniko cha kuzungusha hata mimi naweza kukifungua."

Stoo! Mtu aliyezoea kuinamiwa na mawaziri ahesabu makopo ya nyanya. Jiko zima liliacha kukoroga.

Mimi nilipewa kazi ya kushona mifuko sita ya kufunika chupa, kutoka kwenye kitambaa cha meza kilichochakaa. Jumapili asubuhi shemeji akashuka kwangu. Alisimama karibu na pasi akisifu vitu.

"Shemeji, sabuni yako leo inanukia vizuri."

"Asante," nikasema, ingawa nilikuwa nimebadilisha na ile isiyo na harufu kabisa. Nilidhani ananibembeleza tu.

"Sasa sikiliza. Mifuko ya chupa za kizibo, uitie uzi mwekundu kidogo chini. Mshono mmoja tu. Nani atajua?"

Nilipandisha kama maziwa jikoni. "Wewe Profesa mzima, na pua yote hiyo, unataka kuibia mtihani kama mtoto wa darasa la tatu? Toka! Na ukae ukijua nitamwambia dada."

Nilitegemea anijibu. Sisi mashemeji hatuachiani neno. Lakini alikunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa, akapanda ngazi. Nikajisikia mwenye haki mpaka jioni.

Jumatatu saa nne ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza, isipokuwa meza moja yenye chupa sita ndani ya mifuko yangu. Alikuwepo meneja na daftari lake, mpishi mkuu, na mimi, niliyejipa kazi ya kukusanya vitambaa ili nisikose kitu. Meneja akamimina chupa ya kwanza.

Shemeji aliinua glasi dirishani, akaitazama, akanusa kwa muda mrefu, akaonja. "Mweupe, mtamu, Ujerumani. Kizibo." Meneja akaandika. Ya pili: "Mweupe mkali, New Zealand. Dawa ya kikohozi." Mpishi akacheka. Ya tatu na ya nne alizitaja bila kusita, nami nikaanza kuvimba kifua kwa niaba ya ukoo. Meneja aliacha kugongagonga kalamu.

Ya tano ilikuwa nyekundu. Shemeji akaizungusha kwenye glasi, akatia pua ndani, akafumba macho.

"Aaa," akasema, akaishika chupa shingoni. "Huyu ni mfalme. Italia, kizibo. Sikilizeni harufu hiyo."

Niliisikia. Nilikuwa nimesimama mbali kiasi cha meza mbili, na ilinifikia. Ilikuwa harufu ninayoijua kuliko jina langu: vitambaa vilivyosahauliwa ndani ya mashine tangu Ijumaa. Na mdomo wangu hauna breki.

"Mfalme gani, shemeji? Huo unanuka kitambaa kilicholala na maji!"

Mpishi akachukua glasi, akanusa, akairudisha mezani mbali na yeye. Meneja akanusa, akageuza uso. Kizibo kilikuwa kimeharibika, uvundo ule ule wa wageni watatu. Kisha wote wawili wakamtazama shemeji, ambaye bado alikuwa ameshika chupa, na mimi nikamtazama pia, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona usoni mwake. Alikuwa anaogopa. Hapo ndipo nilipoikumbuka sabuni.

"Labda ni mimi," nikasema upesi. "Nimeshika vitambaa vichafu tangu asubuhi, labda mikono yangu ndiyo..."

"Acha, shemeji." Akaweka chupa chini taratibu. "Kweli kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zangu unafua wewe." Alijaribu kucheka. "Bosi, hajakosea. Pua yangu ilikufa na ile homa iliyonilaza kitandani. Mwaka wa pili sasa. Sisikii harufu ya kitu chochote."

 Nilitamani sakafu ipasuke nirudi kwenye mashine zangu kwa njia hiyo.

"Mbona nne umezitaja?" akauliza meneja.

"Macho na ulimi. Utamu nausikia, ukali nausikia, rangi naiona. Na chupa za nchi fulani najua huja na nini."

"Na wageni? Miaka miwili yote?"

"Namtazama hapa." Akagusa katikati ya nyusi. "Akionja kitu kibaya, hapa panajikunja kabla yeye mwenyewe hajajua. Mimi huku najifanya bado nanusa kizibo, namsubiri yeye. Kizibo kinanipa muda, bosi. Hicho kifuniko chako hakinipi hata wa kupepesa jicho. Ila wako wageni wenye adabu, uso wao haujikunji. Wale watatu walikuwa wa adabu sana."

Mpishi, ambaye hajawahi kumhurumia hata kuku, akageuka kupanga viti ambavyo si kazi yake.

Meneja alifunga daftari. "Profesa," akasema, "mtihani umeushindwa. Vizibo vinaondoka." Akaisogeza glasi ya tano pembeni. "Lakini stoo huendi. Chupa ya kuzungusha haipati ukungu wa kizibo. Katika hoteli hii hakuna anayehitaji vifuniko hivyo kuliko wewe, na wewe ndiye ulikuwa unavipiga vita. Wageni hawaji kutazama pua yako. Wanakuja kusikia habari za Uhispania."

Nilidhani atafurahi. Alisema, "Asante, bosi," kwa sauti ya mtu aliyepewa pole.

Alasiri alishuka kwangu, akakaa juu ya kapu la mashuka. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuomba radhi, mazuri, lakini yalinitoka yote kwa mkupuo. "Nisamehe, shemeji. Ningejua ningetia uzi mifuko yote sita. Na kwa nini hukuniambia? Mficha maradhi kifo humuumbua! Dada anajua?"

"Alijua siku ya tatu. Sufuria iliungua mimi nimekaa kando yake nasoma gazeti."

"Na akanificha mimi, mdogo wake wa tumbo moja!"

"Alisema ukijua, hoteli nzima itajua."

Nikachukua shuka safi, nikalikunja upya. 

Mashine zilikuwa zikizunguka. Kisha akasema, bila kunitazama, "Sikuwa nikililia vizibo, shemeji. Nilisema siku nikikubali kwamba siwezi kunusa tena, basi pua haitarudi kweli." Akakwaruza kidole kwenye kapu. "Mjukuu wetu mchanga mliyemtoa hospitali wiki iliyopita. Kila mtu akimbeba anamnusa shingoni, halafu anatabasamu. Na mimi nanusa, natabasamu. Ananukia nini?"

Nilizima mashine iliyokuwa karibu, anisikie.

"Maziwa," nikasema. "Lakini si ya kikombe, yana joto. Na nyuma ya sikio kuna harufu kama ya mkate ukiufungua ungali moto. Nywele zake zina mafuta ya dada. Chini ya yote hayo kuna yake mwenyewe, ambayo sijui niifananishe na nini."

Alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama kidogo.

"Jaribu," akasema.

Nikavuta kiti, nikaanza upya, polepole.