Mota ya Pikipiki Haijui Kurudi Nyuma

Gari langu lilikuwa kitanda kwanza. Kitanda cha chuma cha mtu mmoja, cha bweni la shule ya mapadri, kilichotupwa nyuma ya jiko baada ya miguu miwili kukatika. Nilifyeka majani ya uwanja wao wiki nzima, na padri mwenye kutunza ghala akaniruhusu nikibebe. Aliniuliza nitakilalia wapi. Nikamjibu, "Njiani." Akacheka sana. Ndiyo shida ya kuwa mchekeshaji wa darasa: siku unayosema kweli, watu wanashika mbavu.

Wazo lilitoka kwenye simu ya mwenzangu wa shule. Kulikuwa na video ya mzee mmoja wa Ulaya, tumbo mbele, ameletewa masanduku mpaka nyumbani. Ndani ya masanduku kuna vipande vya gari: mabomba ya chuma, usukani, viti viwili vidogo. Anavifunga mwenyewe kwenye banda lake, halafu nyuma anaweka mota ya pikipiki. Gari likitoka ni la chini, jepesi kama kapu, na linakimbia kama mbuzi aliyeona kisu.

"Hii ni mambo ya wazungu," mwenzangu akasema, akafunga simu.

Maneno hayo yalinikaa kooni. Mambo ya wazungu kwa nini? Chuma tunacho. Bolti tunazo. Mota za pikipiki hapa mjini kwetu Kasongo ni nyingi kuliko mbwa. Tulichokosa ni sanduku tu, na mimi niliona Kasongo nzima ni sanduku, mtu aokote.

Na mota nilijua iko wapi. Ilikuwa kwenye kona ya jiko letu, chini ya gunia. Baba aliendesha pikipiki ya kubeba watu miaka mingi, mpaka siku fremu ilipokatika vipande viwili kwenye mashimo ya barabara ya Kabambare. Fremu ilikufa, mota ikabaki nzima. Mume wa shangazi yangu, mwenye mashine ya kukoboa mpunga sokoni, aliitaka ile mota izungushe mashine yake. Baba alikuwa amekubali nusu. Nusu ile nyingine ndiyo niliyopitia mimi.

Shuleni niko section ya mekanike, masomo ya mitambo. Tumechora mota tangu mwaka wa tatu: pistoni kwa kalamu nyekundu, vali kwa kalamu ya buluu. Nina alama nzuri za kuchora. Mota yenyewe hakuna aliyeigusa, kwa sababu shule haina. Basi likizo ilipoanza, Baba akiwa shambani, nikaitoa ile ya kwetu chini ya gunia na kuipeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma, karibu na soko. Yeye alikuwa na moto, mimi nilikuwa na mdomo. Nilimchekesha, naye akanichomelea. Magurudumu manne yalitoka kwenye pikipiki zilizokufa. Usukani ulitoka kwenye lori bovu, mkubwa kama sinia la harusi; nikiushika sionekani. Mota tuliiweka nyuma, mnyororo ukashuka kwenye ekseli. Kiti kilikuwa ubao na blanketi. Juu tulifunga bati moja kwenye miti minne, tukaacha nafasi ya mizigo juu ya mota.

Siku nilipoliwasha mara ya kwanza, soko liliacha kuuza.

"Hii iko nini? Gari ama kitanda?"

"Iko kitanda, mama. Leta bwana yako nimupeleke akalale."

Baba alipata habari kabla sijafika nyumbani. Nilimkuta amesimama mlangoni, gunia tupu mkononi. Alilizunguka gari mara mbili. Akapiga teke gurudumu.

"Inarudia nyuma namna gani?"

"Hairudie. Mota ya pikipiki haina vitesi ya nyuma, haina gia hiyo, Baba. Iko ya kwenda mbele tu."

"Sawa na weye. Mutoto asiyejua kuomba samahani."

Kweli sikuomba. Ningeomba samahani ya nini? Ya kuamsha kitu kilichokuwa kinalala chini ya gunia? Mume wa shangazi aliitwa, akaja, akatikisa kichwa, akasema mota hiyo ingekoboa mpunga wetu msimu mzima bure. Baba si mtu mbaya. Alifikiri, akatoa neno lake mbele ya wote. Bibi, mama yake Baba, alikuwa na magunia manne ya mpunga shambani, ng'ambo ya kijito, upande wa kwenda Lusangi. Jumamosi niyalete na gari langu. Yakifika uani kabla ya adhana ya adhuhuri, mota inabaki kwangu. Yasipofika, mume wa shangazi anaitoa siku ile ile.

Sisi ni Wakristo, lakini Kasongo kila mtu anapimia saa kwa msikiti. Hata padri.

Jumamosi niliondoka jua halijapanda. Kwenye kijito sikupita darajani. Nilipita majini, pembeni, pale wasukuma baiskeli, wale wanaosukuma mizigo kwa miguu mpaka mjini, wanapooshea miguu. Maji yalikuwa hayafiki magotini, na gari lilivuka likipiga chafya. Shambani Bibi alikuwa ananingoja na magunia yake. Alilitazama gari kama anavyotazama kuku wa kununua.

"Miye nitakaa wapi?"

"Juu ya mupunga wako, Bibi. Kama malkia."

"Malkia hakai juu ya moto. Hapa chini kunaungua."

"Ni mota hiyo. Ikipoa, tunatembea na miguu."

Akapanda. Tukarudi, yeye akiwa juu ya magunia, mimi nyuma ya sinia langu la harusi. Kila kijiji tulichopita watoto walitukimbilia, na Bibi akawapungia mkono kwa uvivu, kana kwamba alizaliwa garini.

Tulipofika kwenye kijito, nikakuta maji si yale ya asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani. Kijito kilikuwa chekundu na kinabeba matawi. Ikabaki daraja. Madaraja yetu unayajua: magogo mistari miwili, mmoja wa gurudumu la kushoto la lori na mwingine wa gurudumu la kulia, katikati ni hewa. Lori linakanyaga mistari yote miwili. Pikipiki na baiskeli zinachagua mstari mmoja. Bibi alisema yeye atapita kwa miguu, hataki kufa pamoja na mpunga wake. Alivuka kwanza, akageuka kunitazama.

Hapo ndipo nilipoelewa ujinga wangu. Nilipima gari langu kwa kitanda cha bweni. Halikuwa jembamba kama pikipiki, wala halikuwa pana kama lori. Gurudumu la kushoto lilipanda kwenye gogo. La kulia likaingia hewani. Gari likakaa kwa tumbo, puu, magurudumu ya nyuma yakibaki kwenye udongo yanakwaruza. Kurudi nyuma hakuna. Mwezi mzima nimechonga, nimefunga, nimepaka grisi, na sikuwahi kupima daraja hata kwa kamba!

Nyuma yangu wasukuma baiskeli wanne walikuwa wamefika, wametoka upande wa Kabambare. Siku mbili njiani, kila mmoja na bidoni, madumu sita ya mafuta ya mawese, kwenye baiskeli, shingo zinatoka jasho. Daraja lao nilikuwa nimelifunga.

"Bwana weye, ondosha kitanda njiani!"

"Mugonjwa iko wapi? Tunaona tu kitanda."

"Mugonjwa ni huyu anayekiendesha," akasema mkubwa wao, mzee mwenye kofia ya sufu. "Rudisha nyuma."

"Hairudie nyuma, mzee."

"Namna gani hairudie?"

"Inakwenda mbele tu."

Walitazamana. Halafu wakacheka mpaka mmoja akalaza baiskeli yake chini, na baiskeli yenye bidoni sita mtu hailazi ovyo. Mimi pia nilicheka, kwa sababu kulia kungekuwa kazi bure. Kisha mzee akavua viatu.

"Tuko wanne ama niko peke yangu?" akauliza wenzake. Wakaingia, wawili wakisimama kwenye gogo hili na wawili kwenye lile. Wakashika mabomba ya kitanda, nami nikasukuma kwa nyuma. Gari lilinyanyuka na mpunga wake wote.

"Yesu wangu! Hii ni gari gani wanaume wanne wanaibeba?"

"Ndiyo gari nyepesi, mzee. Ulaya watu wanalipa pesa mingi ili iwe nyepesi hivi."

"Basi wanalipa kwa kubeba wenyewe? Wazungu!"

Wakaliweka ng'ambo. Bibi alipanda mahali pake bila kusema asante, kwa sababu asante ya njia ile haisemwi kwa mdomo. Wasukuma baiskeli wana sheria moja: aliyekuvusha maji, unampandisha mlima. Na mlima ulikuwa mbele yetu, ule wa udongo mwekundu, mrefu, ambao watu wawili wanasukuma baiskeli moja, wanafika juu, wanashuka kuchukua ya pili.

Nilitazama jua. Kama ningekwenda moja kwa moja, ningefika na nafasi ya kunywa maji. Mzee wa kofia hakuniomba kitu. Alikuwa anavaa viatu tu, polepole.

Bibi akasema kutoka juu, "Unaangalia jua ya nini? Jua ni ya kwako?"

Nilizima mota. Tulishusha magunia mawili, nikapakia bidoni, nikafunga baiskeli mbili nyuma kwa kamba. Mota ilipiga kelele, ikatoa moshi, ikapanda. Huko juu tulishusha, watu wawili wakanyanyua nyuma ya gari na kuligeuza kama meza, nikateremka tena. Tulipanda mara tatu. Bibi hakushuka hata mara moja. Alipanda na kuteremka ule mlima kama mtu aliyelipa. Mara ya tatu, tukiwa juu kabisa na mpunga wote umerudi, upepo ukaleta adhana kutoka mjini. Niliisikia vizuri sana. Wasukuma baiskeli wawili waliokuwa Waislamu walitandika mashuka yao pembeni wakasali. Mimi nilikaza mnyororo.

Sikujuta. Watu wengi wananiuliza sehemu hii, wakingoja niseme nilijuta. Hapana.

Nilipoingia uani, Baba alikuwa amekaa kwenye kiti na saa mkononi. Funguo za kufungulia bolti zilikuwa zimepangwa juu ya gunia, ndogo mpaka kubwa. Mume wa shangazi alisimama karibu nazo, amekunja mikono ya shati. Akageuka atazame mota yake, akamwona Bibi juu yake.

Alirudi nyuma hatua tano kwa pigo moja. Yeye alijua kurudi nyuma. Kwetu mwanaume hamkaribii mama wa mke wake. Hali naye, hapiti mbele yake, hamtazami usoni, hamwambii neno la ukali. Na mota ilikuwa pale hasa, chini ya magunia, na juu ya magunia alikuwa mkwe wake, ameketi vizuri. Akakimbilia nyuma ya mpapai, akatupa mgongo.

"Umechelewa," Baba akaniambia.

"Nimechelewa. Niliwapandisha watu mulima. Walinivusha daraja."

"Walikuvusha? Basi mupunga umekuja na mabega ya watu."

"Baba, pikipiki yako ulipovuka nayo muto Lualaba pale Nyangwe ilikaa ndani ya mutumbwi. Siku hiyo iliitwa nini? Samaki?"

Bibi alicheka mpaka bati likatikisika. Baba hakucheka. "Neno ni neno. Adhuhuri imepita. Mama, shuka, tutoe mota."

"Nishuke niende wapi?"

"Ndani, Mama. Upumzike."

"Niko napumzika. Kuna kivuli hapa." Akavuta kitambaa chake, akajifuta uso. "Adhuhuri, adhuhuri! Tangu lini weye unasali adhuhuri? Mupunga ni wa nani?"

"Wako, Mama."

"Umefika, haukufika?"

"Umefika, lakini..."

"Basi niletee chakula."

Mama yangu akamletea ugali na sombe, mboga ya majani ya mihogo, palepale garini. Bibi alikula kama mtu asiye na safari. Kutoka nyuma ya mpapai mume wa shangazi aliniita kwa kidole, akanong'ona, "Mwana, mwambie mama kwa heshima, ashuke kidogo tu."

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Mimi kazi yangu ni kwenda mbele."

Angenipiga kofi. Lakini kofi lina sauti, na mkwe alikuwa anasikia. Akangoja mpaka Bibi alipomaliza sahani na kuomba ya pili. Hapo akaaga kwa Baba, akapita kwa nyuma ya nyumba, ukutani, asionekane.

Baba alibaki ameshika ufunguo namba kumi na saba. Nilisimama kati yake na gari. Sikuwa na la kuchekesha.

"Ukiitoa, Baba, nitajenga lingine."

"Na mota ya nani?"

"Sijui. Lakini nitajenga."

Akatazama juu kwa mama yake, ambaye alikuwa anachokoa meno. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu anayekopesha: "Ibaki mpaka mavuno ya Bibi yaishe. Yakiisha, inatoka."

Bibi akaitika kwa kichwa, akashuka mwenyewe, akaingia ndani kulala.

Mimi nimeshapima daraja kwa kamba, nimerefusha ekseli kwa bomba la pili, na sasa gari linakanyaga magogo yote mawili. Mume wa shangazi anauliza kila Jumapili baada ya misa kama mavuno yameisha. Mpunga uliisha zamani. Lakini Bibi anasema mihogo bado iko ardhini, na nyuma ya mihogo kuna karanga, na wiki iliyopita nilimkuta ng'ambo ya kijito na jembe, anapanda viazi mahali ambapo katika maisha yake yote hajawahi kulima.