Nikitengeneza Seva, Ushahidi wa Mdogo Wangu Unafutika

Admin, fiche jina langu na la kampuni, maana mume wangu na wenzake wa getini wote wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Kawajense hapa Mpanda, nina watoto wawili. Naandika kwa mkono wa kushoto na simu ni ya jirani. Mtaelewa kwa nini.

Ni fundi wa kompyuta kwenye kampuni ya kukoboa mpunga, na mume wangu ni mkuu wa walinzi hapo hapo. Mdogo wangu, nitamwita Masanja, anachunga ng'ombe aliotuachia baba upande wa Usevya. Ng'ombe waliingia shamba la kampuni wakakamatwa. Ijumaa moja Masanja akaja Mpanda kumwomba bosi awaachie. Alitoka yadi amebebwa, taya limevunjika, jicho la kushoto limekwisha. Bosi akafungua kesi kwamba alivamiwa kwa panga, na mdogo wangu akapelekwa mahabusu.

Mume wangu alilia na mimi. Akaniambia, "Mama Neema, shemeji ndiye aliyechomoa panga. Sisi tuliamulia tu." Nikamuuliza kuhusu kamera, akasema umeme ulikatika. Nilipoangalia, kweli siku ile ilikuwa tupu. Nilimwamini, kwa sababu ndiye aliyekuwa ananipakia kwenye pikipiki tupeleke chakula mahabusu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Seva yetu kubwa iko Mpanda, ya akiba iko tawi la Usevya. Ndani yake kuna mashine pepe, yaani kompyuta zinazofanya kazi ndani ya kompyuta nyingine, na mojawapo inatunza video za kamera. Kila saa, kilichobadilika Mpanda kinanakiliwa Usevya. Kikiongezwa huku kinaongezwa kule, kikifutwa huku kinafutwa kule. Kesho yake baada ya Masanja kupigwa, tulihamia ofisi mpya, nikaihamisha na mashine inayosimamia huo unakili. Tangu hapo unakili ukagoma, kila kitu kikawa chekundu kwenye skrini. Kwa pilikapilika za kuhama nikaliweka kiporo.

Wiki hii bosi akaniambia wakaguzi wanakuja, hataki kuona nyekundu. Nikakagua nyaya, nikalinganisha saa za mashine, nikapima mtandao, vyote vizima. Mwisho nikagundua Usevya bado inaitafuta ile mashine ya usimamizi kwenye anwani ya zamani, na cheti chake kipya, yaani kitambulisho chake cha mtandaoni, inakikataa. Kurekebisha ni dakika chache. Ila nina kawaida yangu: kabla sijaunganisha upya, naiwasha nakala ya Usevya pembeni nione kama ni nzima. Nikaiwasha ile ya kamera. Ijumaa ile ilikuwepo. Ile ya Mpanda ilifutwa baada ya unakili kukatika, kwa hiyo Usevya haikupata habari.

Masanja amefungwa mikono nyuma. Hana panga, hana hata fimbo ya kuchungia. Bosi anampiga usoni na bomba la chuma, anapumzika, anapiga tena. Kamera zetu hazina sauti lakini niliziba masikio. Na aliyemkalia miguu asifurukute ni baba wa watoto wangu. Katikati ya kipigo anavua kofia, anajifuta jasho, anaivaa tena. Kofia ile niliifua mimi asubuhi yake.

Nikainakili kwenye flashi, nikaenda nayo nyumbani, nikamuuliza. Hakukana. Alinikaba mbele ya watoto wakiwa wanakula mpaka nikaona giza. Kisha akaubana mkono wangu wa kulia kwenye fremu ya mlango, akaufunga mlango kwa nguvu zake zote. Mara mbili. Vidole vitatu vimevunjika. Flashi na simu yangu akaviponda kwa nyundo. Akaniambia kwa upole kabisa, "Tengeneza tu huo unakili. Usevya itafuta yenyewe, hakuna atakayesema ulifuta wewe." Hayo mambo nilimfundisha mimi, enzi za uchumba, akijifanya anapenda kazi yangu. Namchukia, na bado nasikiliza kama pikipiki yake inarudi.

Nikamwambia bosi nimeshindwa kulitatua. Akaagiza fundi kutoka Dar, anaanza Jumatatu, na huyo hatachukua nusu saa.

Leo Jumamosi nilienda peke yangu kumwona Masanja. Akaniuliza, "Dada, mkono umefanya nini?" Nikashindwa kudanganya, nikamwambia nimeiona video. Taya bado limefungwa waya, anaongea kwa shida. Akasema, "Mimi shemeji nilimwona. Polisi waliponiuliza nani alinishika miguu, nikasema sijui. Sasa nyie mtakula nini akiingia ndani? Tengeneza mashine yako, dada. Mimi nitazoea." Wiki zote hizo alikuwa anapokea chakula kutoka mikononi mwa yule yule aliyemkalia miguu, na anamshukuru, ili mimi nisijue.

Hapa Mpanda getini ni watu wa mume wangu, sitatoka na nakala nyingine. Ila seva ya Usevya naifahamu, naweza kuitoa diski yake kwa mkono huu mmoja nikaipeleke polisi. Basi lipo kesho asubuhi. Nikienda, mdogo wangu anatoka na mume wangu anaingia. Nikibaki, Jumatatu skrini itageuka kijani na Masanja atakuwa mwongo milele.

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Msiniambie nimwombee mume abadilike, jicho la Masanja halirudi. Na mtakaosema niende, niambieni pia nimjibu nini Neema, ambaye sasa hivi yuko mlangoni na sahani ya baba yake, ananiuliza aifunike au baba anakaribia.