Dawa ya Mapeasi Kichwani kwa Edina

Mwezi wa kumi na moja uliopita niliingia duka moja la pembejeo pale Mafinga kununua mbegu. Kijana aliyekuwa mbele yangu akaponyokwa na chupa ya dawa ya wadudu, ikapasuka sakafuni. Harufu ikapanda. Dawa za siku hizi nyingi hazinuki vile, lakini ile ilikuwa yenyewe: kitunguu swaumu kilichooza, na nyuma yake kama mafuta ya taa. Nikaishika kaunta kwa mikono miwili. Mwenye duka akaniambia, "Mama, toka nje upate hewa." Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi, malori ya mbao yakipita mbele yangu moja baada ya jingine, na pale pale nikawa nina miaka minane.

Ngoja niwaeleze, na majina nitayataja. Nimenyamaza vya kutosha.

Kwetu ni juu, unaiacha barabara kubwa unapanda saa mbili kwa miguu, kwenye baridi ya kuuma masikio. Baba alikuwa na miti ya mapeasi arobaini na kitu, aliirithi kwa babu, na babu miche aliipata misheni. Mapeasi yale yalikuwa magumu kama jiwe mpaka uyafukie kwenye majani makavu, lakini ukishayafukia yakaiva, juisi inakutiririka mpaka kwenye kiwiko. Tulikuwa watoto wawili wa kike. Edina alikuwa na miaka kumi na minne na mimi nilimfuata kwa mbali. Edina alikuwa mtoto wa kuambiwa mara moja. Mimi nilikuwa wa kuambiwa mara tatu na fimbo juu.

Mwaka ule vidukari viliingia shambani vibaya sana. Majani yakajikunja, yakawa yananata, na juu yake ukatanda weusi kama masizi ya sufuria. Matunda madogo yakaanza kudondoka. Baba akashuka dukani kwa Festo.

Festo ndiye wa kwanza ninayemtaja. Duka lake lilikuwa na kila kitu, chumvi, misumari, daftari, na kwenye kona pipa la dawa. Dawa ilikuja kwenye pipa kubwa lenye karatasi ya maandishi, yeye akawa anaikinga kwenye chupa za soda na kuziziba kwa gunzi. Karatasi ilibaki kwenye pipa, chupa ikaondoka bila neno hata moja. Baba akamuuliza inapimwaje. Festo akamwambia, "Vizibo vitatu vya soda kwa bomba moja. Ukiona wadudu ni wabishi, weka vitano." Na akacheka, maana alikuwa mtu wa maneno mengi, akaongeza, "Hii haichagui, mzee. Vidukari, viroboto, chawa, vyote vinaagana na dunia." Maneno hayo Baba aliyaleta nyumbani kama yalivyo, akayasema kwenye chakula cha jioni, tukacheka wote. Shangazi Yustina hakucheka. Yeye aliyashika.

Wa pili ni bwana shamba Amoni. Kazi yake ilikuwa kupanda kwetu na kuonyesha watu namna ya kupiga dawa. Alisema njia ina tope. Lakini mapeasi yakiiva tope alikuwa halioni, alifika na kikapu chake na kuchagua makubwa. Laiti angefika siku moja tu mwezi wa kumi na moja.

Basi Baba akapiga dawa kama alivyojua. Alijifunga kanga ya Mama puani, akavaa kaptula na ndala, akalitia bomba mgongoni lenye mpira unaovuja, na ile dawa ikamchirizika mpaka kisiginoni. Alipiga upepo ukimjia usoni. Akirudi nyumbani macho mekundu, anatema mate hovyo, anasema ni uchovu. Mama hakuwepo. Alikuwa ameenda kwao Umalila, kule Mbeya, kumuuguza bibi mzaa mama, na nyumba ilibaki mikononi mwa Shangazi Yustina, dada yake Baba.

Sasa, Jumapili ile ilikuwa kipaimara cha Edina. Askofu alikuwa anakuja. Kijiji kizima kilikuwa kinapaka chokaa, na Edina alikuwa ameshonewa gauni jeupe ambalo lilining'inia ukutani mwetu wiki nzima kama mgeni. Alikuwa anafanya mazoezi ya kupiga magoti mbele ya kitanda, mimi nikiwa askofu, namwekea mkono kichwani na kunena kwa sauti nzito. Na kila nikimwekea mkono, nilikuwa naona chawa.

Tulikuwa nao wote wawili. Nani hakuwa nao? Tulilala kwenye blanketi moja, baridi kali, maji ya kuoga yanauma kama pilipili. Lakini Shangazi lilimkaa rohoni. "Askofu ataweka mkono wake pale," alisema, "mkono wenye pete! Akitoka na chawa wa kwetu, nitaificha wapi sura yangu?"

Jumamosi, jua likiwa katikati, Baba alirudi kutoka shambani na bomba lina mabaki, kama vikombe vinne vitano. Shangazi akamwambia, "Kaka, usimwage." Baba akasema, "Ya nini?" Akasema, "Ya vichwa vya watoto. Si Festo mwenyewe amesema?" Baba alisimama kidogo. Namkumbuka alivyosimama, bomba bado liko mgongoni. Kisha akasema, "Weka kidogo," akalitua, akaenda zake kunawa miguu. Ndiyo maana na Baba namtaja, ingawa ni marehemu na ni baba yangu.

Nilianza mimi. Shangazi alinikalisha kwenye kigoda, akachovya kitambaa kwenye bakuli, akanisugua kichwa chote mpaka nyuma ya masikio. Tulikuwa na vidonda vya kujikuna, na dawa ilipofika pale iliwaka moto. Akanifunga mfuko wa nailoni, juu yake kitambaa, ili chawa wakose pumzi. Kisha akamfanyia Edina vivyo hivyo. "Mpaka jioni," alisema. "Atakayefungua atanitambua."

Mimi sikufika jioni. Nadhani sikufika hata nusu saa. Kichwa kilikuwa kinawaka, mate yananijaa, nikakimbia mpaka kwenye mfereji wa juu, nikang'oa ule mfuko, nikachukua kipande cha sabuni ya mche ambacho wanawake walikisahau kwenye jiwe, nikasugua na kusugua, nikaingiza kichwa chote kwenye maji yale ya baridi mpaka meno yakagongana. Nilirudi nimelowa. Shangazi alinichapa fimbo sita. "Ona mwenzako alivyotulia," aliniambia, "wewe umeimwaga dawa mferejini bure!"

Na kweli Edina alikuwa ametulia. Alikaa kizingitini kwenye jua, kichwa kimefungwa, mikono juu ya magoti, kama tayari yuko kanisani. Nilikwenda kukaa karibu naye nikilia. Akanichokoza kidogo, "Askofu gani wewe, unalia hovyo." Hilo ndilo neno lake la mwisho lenye akili ninalolikumbuka.

Kwanza alianza kutokwa jasho, na baridi ile! Kisha mate. Alikuwa anayafuta na upindo wa kanga, yanakuja mengine. Akasema haoni vizuri. Nikamtazama machoni, mboni zake zilikuwa zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Alitapika. Halafu nyama za mashavu zikaanza kuchezacheza peke yake, kama kuna kitu kinatembea ndani. Nilipiga kelele. Na mimi mwenyewe nilikuwa natapika, lakini nilikuwa nasimama.

Shangazi alikuja mbio. Aliufungua ule mfuko, akauchoma kwenye jiko, akamfunga Edina kitambaa kingine kisafi kilichopigwa pasi. Hakumwosha. Lile naliona mpaka leo: alikuwa na muda wa kutafuta kitambaa kizuri, maji hakuyagusa.

Baba alimpakia kwenye baiskeli, Shangazi akimshikilia nyuma, mimi nikikimbia pembeni, mpaka zahanati. Baba akatuacha benchini akakimbia kumwita mganga wa zahanati nyumbani kwake. Alikuwepo muuguzi tu. Aliinama juu ya Edina, akanusa. Nawaambia, alinusa. Akauliza, "Huyu amekunywa nini? Amepakwa nini? Mbona ananuka dawa ya shambani?"

Shangazi Yustina akajibu, "Hajapakwa kitu, sista. Baba yake ametoka kupiga dawa, ndiye aliyembeba. Mtoto ana malaria, tangu juzi hajisikii."

Nilikuwa nimesimama kati yao. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Shangazi aliushika mkono wangu juu ya kiwiko, akabana, bila kunitazama. Na muuguzi aliniangalia kabisa, akaniuliza, "Eti mdogo wangu?" Nikatazama chini.

Edina akachomwa sindano ya malaria. Mganga alipofika, alikuta tunalia. Jua lilikuwa bado halijashuka kwenye misonobari.

Alizikwa na lile gauni. Askofu alikuja kama ilivyopangwa, akawawekea mikono wengine. Mama alifika kutoka Mbeya siku ya nne, akakuta udongo tu. Aliuliza na kuuliza. Aliambiwa malaria ilipanda kichwani. Baba alipoulizwa alisema vilevile, na baada ya hapo hakuwahi kula nami sahani moja akiniangalia usoni.

Mimi nilibaki. Mikono yangu inatetemeka mpaka leo, sindano siwezi kutunga uzi, na kichwa kinaniuma mvua zikikaribia. Shule niliiacha darasa la nne, kwa sababu herufi zilikuwa zinanichezea machoni, na mwalimu akasema mtoto huyu ni mzito. Miaka yote niliamini Edina aliandikiwa kufa pale pale alipopakwa. Nilijiambia hivyo nipate kulala. Kwamba hata ningesema, ningesema bure.

Mwaka jana afisa kilimo alipanda huku kwetu kufundisha wakulima wa mapeasi. Binti mdogo, buti za mpira zimejaa tope mpaka juu. Yeye tope halikumzuia. Alifundisha vizuri, Mungu ambariki. Kwanza kagua mti, usipige dawa kwa sababu jirani amepiga. Nunua yenye lebo tu, iliyofungwa kiwandani, na soma kipimo, siyo vizibo vya soda. Glavu, buti, suruali ndefu, kinga ya pua na macho. Piga asubuhi upepo umetulia, na upepo uwe mgongoni. Hesabu siku zilizoandikwa kabla hujachuma tunda. Changanya inayotosha tu, na ikibaki iongezee maji uimalizie kwenye miti ile ile. "Isiingie nyumbani," alisema. "Si kwa kunguni, si kwa chawa, si kwa kitu chochote." Watu wengine walicheka.

Mimi nilinyoosha mkono. Nikamuuliza, "Na mtu akishapakwa, anatetemeka, anatokwa mate, kuna kitu cha kumfanyia?"

Akasema, "Mvueni, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, hapo hapo, mkiwa mmevaa glavu. Kisha mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe. Dawa za namna hiyo zina sindano yake, mama. Wengi wanapona. Lakini lazima muwaambie ukweli ni nini, la sivyo watatibu malaria."

Alisema hivyo. Watatibu malaria. Nilikaa chini. Sijui kama zahanati yetu ya enzi zile ilikuwa na sindano hiyo. Labda haikuwa nayo. Lakini maji yalikuwepo, na yule muuguzi alikuwa na mikono, na alikuwa ameuliza. Kuna watu hapa wataniambia na wewe ulikuwa na mdomo. Sikubali. Nilikuwa na miaka minane, nimeshikwa mkono. Hesabuni wengine.

Shangazi Yustina yuko hai. Hakuzaa, macho yamekwisha, anakaa kwangu, mimi ndiye ninayemlisha. Kesho yake baada ya mafunzo yale, asubuhi, nilimpelekea uji wa ulezi, nikakaa naye kitandani, nikamuuliza kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. "Shangazi, siku ile zahanati, sista alipouliza. Kwa nini hukusema?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilidhani atasema aliogopa polisi, au alimwogopa Baba, au atajifanya hakumbuki. Tangu utoto nilikuwa nimeamini kuna sababu kubwa, jambo la watu wazima ambalo nikikua nitalielewa.

Alijiinua kidogo kwenye mto. Kisha akasema, "Pale benchini palikuwa na watu."

"Watu gani?"

"Mke wa mchungaji. Alikuwa amekaa na mtoto wake, anasikia yote." Akapapasa blanketi. "Ningesema nini mbele yake, Skola? Kwamba watoto wa kaka yangu wana chawa?"

Basi ni hilo. Hapakuwa na jambo la watu wazima. Dada yangu leo angekuwa bibi mwenye wajukuu wake, anagombania nami mpaka wa shamba, kama si aibu ya chawa mbele ya mke wa mchungaji.

Alikuwa amegeuza uso upande wangu, anasubiri, na uji ulikuwa unapoa. Nikachota kijiko, nikamwambia afungue mdomo.