Udongo wa Tanki

Watu wa Goma tuna ulimi. Kile kisiwa kidogo kilicho mbele ya ufuko wetu, ambacho hakijawahi kuhifadhi hata ndoo moja ya maji, tunakiita Tanki.

Si kazi ya Mungu. Enzi za Zaire walikuja mainjinia, wakaona mji mzima unateka maji ya ziwa kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, wakasema watajenga ukuta wa mviringo humo humo ziwani, maji yatulie ndani yake, yasafishwe, kisha yapandishwe kwa mabomba hadi mitaani. Wakamwaga mawe ya volkano. Lakini mawe yetu yana matundu, ukuta ukavuja kama kikapu, basi wakatuma malori Rutshuru kuchimba udongo mweusi wa kunata ili wauzibe. Malori hayo yalisimama kijijini kwetu Kalengera, ukingoni mwa shamba la wazazi wangu. Mama alitoka na jembe mkononi akawauliza kama huko mjini Mungu hakuwapa udongo. Walimcheka. Lakini ni kweli, hakutupa: Goma imekaa juu ya mwamba wa volkano.

Halafu wakaja wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, mji ukafurika, na kipindupindu kikaua watu ambao ziwa walikuwa wanaliona kwa macho. Mainjinia wakapanda ndege. Baada ya hapo ni vita, na baada ya vita, vita vingine. Tanki likabaki duara la mawe lenye udongo ule wa Rutshuru katikati. Nyasi ziliota, ndege wakahamia, wavuvi wa sambaza, vile visamaki vya ziwani, wakapata pa kuanikia nyavu.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa, nashona nguo mtaa wa Murara, Goma, wakati vita vilipomfukuza mama Kalengera. Alifika na blanketi na jembe. Nilimcheka kwa lile jembe, naye akaninunia. Asubuhi yake alijaribu kulima nyuma ya nyumba. Jembe likalia juu ya jiwe, mpini ukamtetemesha mpaka mabegani. Akaliegemeza nyuma ya mlango, asiliguse tena. Baba alikuwa amefariki zamani, amezikwa kando ya shamba lao, na nafasi iliyo ubavuni pake ilikuwa ya mama. Aliizungumzia kama mtu aliyewekewa kiti.

Kisha jirani yetu mmoja akafa, tukaenda kumzika. Kaburi la Goma halichimbwi, linavunjwa. Vijana hushinda na vyuma wakipasua mwamba, na saa ya kuagana ikifika, kila mtu hutupa gao lake la kokoto, kwa sababu hakuna kingine cha kutupa. Sisi tumezoea. Mama hakuwa amezoea. Kokoto za kwanza zilipogonga ubao wa sanduku alinishika mkono, na hakuuachia mpaka tukafika nyumbani.

Jioni, akichambua maharagwe, akasema, "Miye siko mwizi. Siku nitakufa, musinitupie mawe."

Nikaelewa. Wiki ile ile alikuwa ameona sokoni mwizi akipigwa mawe.

"Vita vikiisha barabara ya Rutshuru itafunguka, mama," nikamwambia. "Tutakupeleka kwa papa, ubavuni pake."

"Na kama inakatala kufunguka?"

Nilimwahidi tu kwamba jiwe halitamgusa, nikaenda kupiga pasi nguo za watu nikiwa na hasira, nisijue namkasirikia nani.

Siku moja nilinunua lengalenga, mchicha wetu, kwa mama mmoja wa jirani aliyepita mlangoni. Mizizi bado ilikuwa na donge la udongo. Mama alilivunja kwa vidole, akalinusa, akaweka kidogo kwenye ulimi.

"Umetosha wapi hii?" akamwuliza muuzaji alikoutoa.

"Ku Tanki, mama. Kule njo mboga inaota."

Kesho yake alichukua jembe nyuma ya mlango akavuka na mvuvi mmoja kwa pirogi, mtumbwi wake. Alirudi magoti yamejaa matope, anacheka, na mimi sikuwa nimesikia kicheko chake tangu afike.

"Hii njo udongo yetu," akasema. "Ile ya pembeni ya papa yako."

Mimi napenda ubishi. Nikamwambia malori yale yalichimba mahali pengi, nani ajue donge lipi lilitoka wapi.

"Weye unajua vitambaa. Acha miye nijue udongo."

Alipanda maharagwe kule, akavuna, akapanda tena. Kisha kifua kikambana. Akiwa kitandani, kila asubuhi aliniuliza habari za barabara, nami kila asubuhi nilimpa jibu lile lile, bado, mpaka akaacha kuuliza. Alikufa msimu wa mvua, barabara ya Rutshuru ikiwa bado imefungwa. Niliumia kwa kifo chake, na niliumia zaidi kwamba alikufa akiwa safari ya saa chache tu kutoka kwao na hakuna aliyemruhusu kurudi.

Ahadi ni deni, na deni la marehemu halina wa kukusamehe. Asubuhi ya mazishi, kaka yangu na mimi tulivuka kwenda Tanki na jembe lake. Maharagwe yake yalikuwa yanachanua. Tulichimba kati ya mistari tusiyaharibu, tukajaza magunia mawili.

Tuliporudi ufukweni askari alikuwa amesimama akitungoja.

"Muko nabeba nini?"

"Udongo," kaka akajibu.

Hapa kwetu mtu anayebeba udongo ndani ya gunia anaficha madini, hilo hata mtoto analijua. Akaamuru tufungue. Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Uvumilivu ukaniishia. Nilimwambia mama yangu amelala nyumbani anangoja kuzikwa, na kama humo kuna dhahabu aichukue yote, aniachie udongo. Kaka alinifinya.

Askari alitoa gao moja akalisugua kwa kidole gumba.

"Hii ni ya kulima," akasema. "Kwetu kuko kama hii."

Sikumwuliza kwao ni wapi. Siku hizi askari haulizwi ametoka upande gani wa mpaka. Alilifunga gunia mwenyewe, akatusaidia kuyapandisha yote mawili kwenye chukudu, kile kigari chetu cha mbao.

Makaburini vijana walikuwa wamekwisha kuvunja mwamba. Watu waliinama kuokota kokoto kama ilivyo desturi, nikawaomba waziache. Nilifungua magunia, nikasema mama ameleta udongo wake. Wakapita mmoja mmoja, kila mtu akachota, akatupa. Nilitega sikio. Sanduku halikulia hata mara moja.

Magunia mawili hayajazi kaburi. Mawe yalifuata, hayana budi, hapa ni Goma. Lakini yaliangukia udongo, yeye hayakumgusa.