Nyumbani Hakuna Mzigo

Shemeji yangu ni seremala, na kwa ubishi sijaona wa kumfikia. Miaka miwili alikaa na ngiri kinenani, uvimbe wa saizi ya ndimu uliotokeza akisimama na kurudi ndani akilala. Ukimuuliza, anasema misuli imechoka. Misuli gani hiyo inayoingia na kutoka kama mpangaji? Dada yangu, mkewe, alimwambia wazi kwamba amechoka kulala kitanda kimoja na mnyama wa porini.

Ubishi wake ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni dada. Alianguka ngazini miaka mitano iliyopita, na tangu siku hiyo miguu yake haimtii. Shemeji humnyanyua mara nne au tano kwa siku, kutoka kitandani hadi kiti cha magurudumu, kutoka kitini hadi chooni, na kurudi. Anapinda magoti, anasema "haya mama," anamweka kifuani, kwisha. Mtu mwingine hamruhusu.

Hospitali nilimburuta mimi. Daktari, mama mmoja mpole, alimuuliza kama kazini ananyanyua vitu vizito. Akajibu kwamba mbao hubebwa na vijana. Je, nyumbani?

"Nyumbani hakuna mzigo," akasema.

Nikamtazama. Wala hakuwa anadanganya, hapo ndipo aliponimaliza. Dada ana kilo sabini na kitu, lakini kichwani mwa mtu huyu neno mzigo halikuwahi kukaa karibu na mkewe. Ikabidi niropoke mimi, nikaeleza yote.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema baada ya upasuaji ni wiki sita bila kunyanyua chochote kizidicho birika la maji, la sivyo alichokishona kitaachia. Na asichelewe sana, kwa sababu utumbo ukinasa pale, habari yake inakuwa nyingine kabisa. Akamwonyesha dalili za hatari, kwamba uvimbe ukigoma kurudi na maumivu yakizidi, aje mbio. Shemeji akashukuru, akaomba apewe wiki tatu kabla ya upasuaji. Njia nzima nilimfokea kwamba atakufa na ubishi wake.

Kesho yake nikamkuta karakanani, anachonga ubao wa mninga urefu wa mkono na nusu, ncha zote mbili nyembamba. Ungelala kama daraja kati ya kitanda na kiti, dada atelezee juu yake. Akaupiga msasa siku tatu. Yeye haipimi kwa vidole kazi aliyoimaliza. Huipitishia shavu, kwa kuwa vidole vya seremala, anasema, vimekufa zamani, havijui kibanzi. Nyumbani akakata miguu ya kitanda ilingane na kiti, akafunga vyuma vya kushikilia ukutani chooni.

Dada aliuchukia ubao ule. Siku ya kwanza alikwama katikati, akalia kwa hasira, akautupa ukagonga mlango. Nilidhani yamekwisha. Shemeji akauokota, akausugua palipobonyea, akaupitishia shavu tena, akaurudisha mahali pake.

"Tena," akasema.

Wiki tatu zilipoisha, dada alikuwa anavuka, ila mpaka nimshike kiuno. Nikahamia kwao na cherehani yangu, shemeji akaingia chumba cha upasuaji bila chakula wala maji tangu usiku. Walimchoma sindano ya mgongoni. Alipotoka, miguu haikusogea kwa saa kadhaa, na mwanamume huyu asiyeogopa msumeno alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Nikampigia dada simu, nikamwekea shemeji sikioni. Akamwambia mkewe kwamba hasikii miguu yake.

"Karibu," dada akamjibu.

Nyumbani tulipiga marufuku utani, kwani kila akicheka au kukohoa ilibidi akumbatie mto tumboni. Siku ya kwanza alitembea hadi mlangoni, wiki ilipoisha hadi getini, amenyooka taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Maumivu aliyavumilia. Kilichomshinda ni kukaa tu. Wiki ya pili dada alikwama tena katikati ya ubao, na shemeji akainuka kitini, mikono ameshaitanua. Niliogopa kweli. Yote tuliyoyafanya yangeharibika kwa dakika moja ya huruma.

"Kaa chini," dada akamwambia.

Akakaa. Jasho lilimtoka yeye kuliko dada, ambaye alivuta pumzi, akasukuma, akafika. Tangu siku hiyo alifanya mazoezi kila shemeji alipotoka kutembea, mara kumi, mara kumi na tano, na kunifukuza nisimshike. Katika kumpa moyo nilimsimulia jibu la mumewe kwa daktari. Akaniomba nisogeze kiti.

Wiki ya sita daktari akamkagua, akasema kidonda kimefunga vizuri, aanze kunyanyua kidogo kidogo. Kidogo kidogo hakuisikia. Alifika nyumbani ananipita mlangoni, hata viatu hakuvua, akaenda moja kwa moja kitandani kwa dada. Akapinda magoti.

"Haya mama."

Dada akamwekea kiganja kifuani.

"Ulimwambia daktari nyumbani kuna mzigo?"

"Hakuna," akasema shemeji.

"Basi shusha mikono."

Dada akaweka ubao, akasukuma mara moja, mbili, tatu, akakaa kitini peke yake. Shemeji akapiga magoti pale pale. Kisha akainama, akalaza shavu kwenye ubao, na safari hii hakuwa anatafuta kibanzi.