Laini Moja Komarock

Leo nusura tumkoseshe jirani habari ya mwanawe.

Hapa Komarock majirani hupigiwa simu kwetu. Otieno, ninayeandika naye programu ya kliniki, alikuwa mtandaoni tangu asubuhi, eti anatafuta suluhisho la hitilafu. Akiwa humo, simu haiingii, maana intaneti hutumia laini hiyohiyo.

Mama Nekesa akaingia mbio. "Mwanangu anapasuliwa Kakamega! Daktari alisema atapiga hapa!"

Nikatazama kompyuta. Otieno alikuwa akipiga soga na msichana wa Kanada.

"Dakika moja, beshte," Otieno akaniomba.

Nikang'oa waya wa modemu.

Mama hakukubali kuketi.

Simu ikalia. Alisikiliza, kisha akaketi sakafuni.

"Ametoka salama. Watapiga tena jioni."

Kwenu nani hushikilia laini? Nijibuni. Nimeingia mtandaoni kutuma haya tu, nakata sasa.